Siku Gari la Shemeji Lilipombeba Mwali

Mwaka ule zamu ya mabega ilikuwa yangu. Kwetu Kibiti, msichana akishavunja ungo huwekwa ndani akafundwa na kungwi wake, na siku ya kutolewa haruhusiwi kukanyaga chini. Hubebwa begani na mjomba wake, ndugu wa mama yake wa tumbo moja, kutoka nyumba ya kungwi hadi uwanjani kwa baba yake. Na huyo mjomba hatembei tu. Kuanzia njia panda ya kisimani anacheza njia yote iliyobaki, mwali yuko juu amefunikwa kanga usoni, ngoma inawafuata nyuma. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyewabeba wali wote wa ukoo kabla yangu, mpaka magoti yakamkatalia. Alikuwa amebaki mpwa mmoja tu, binti pekee wa dada yangu, na mjomba mmoja tu mwenye magoti. Mimi mwenyewe nilijaliwa wavulana watupu. Nisipombeba huyu, basi nitakufa sijabeba mwali, na mtu wa kwetu akifa hajabeba mwali, msibani watu hutafuta la kumsifia wasilipate.

Basi nikajiandaa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkono umezoea chaki, mabega hayajazoea kitu. Kila jioni nikawa nachukua gunia la mpunga lisilojaa, naliweka begani, nazunguka nalo nyuma ya choo nikichezacheza. Mke wangu alikaa mlangoni mwa jiko akinipigia ngoma kwa mwiko na sufuria, akicheka mpaka anajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Mwalimu, mwali wako anamwagika!" alinipigia kelele kila punje zilipodondoka.

Sikumjali. Mwili ulianza kukubali, na usiku nilikuwa nalala nikiwaza namna nitakavyoingia uwanjani.

Shemeji yangu, baba wa huyo mwali, tulikua naye pamoja. Kabla sijaenda chuo cha ualimu tulikata boriti naye msimu mzima kule Kiongoroni, tope la mikoko likitufika mapajani, tukilala ndani ya chandarua kimoja alichokishona mama yake kwa magunia ya unga. Mimi nilipofaulu na kuondoka, yeye akabaki kule kule kwenye tope. Akamposa dada yangu, na nilipoulizwa nikasema si mbaya, ila laiti angekuwa na kazi. Nilimwonea huruma miaka mingi, na huruma ile ilinipa raha ambayo sikuijua mpaka nilipoikosa.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya Kibiti tuliyozoea kuyaona yana viberiti na majani ya chai yakajaa redio, mafuta ya nywele, na mashati ya mitumba yaliyokuwa mazuri kuliko yangu mapya. Na wale kamba wa kule mikokoni, tuliokuwa tukiwala na muhogo mpaka tunawachoka, wakaanza kutafutwa na watu wa Dar es Salaam wenye masanduku ya barafu. Kamba wakawa wanapanda ndege kwenda Ulaya. Mimi sijapanda ndege mpaka leo. Shemeji alikuwa na mtumbwi, ana watu wake Salale, na kila mvuvi wa kule alimwita ndugu, kwa hiyo barafu ikamfuata yeye. Akapata mashine za boti, akapata ghala, akajenga Dar es Salaam. Alipoleta pikapu nilivumilia. Alipomletea dada yangu friji nilivumilia pia, nikawa hata nakwenda kunywa maji baridi kwao, kwa hasira.

Halafu akaleta lile gari. Ilikuwa kiangazi, siku chache kabla ya mwali kutolewa. Nilikuwa darasani nafundisha sehemu, nimechora chungwa ubaoni nikaligawa, mara darasa zima likageukia dirishani. Mimi sikusikia kitu. Lori likija Kibiti tulilisikia tangu liko mbali, na watoto wakabishana ni la nani. Hili lilikuwa limeshaingia uwanjani kwetu na kusimama, na sauti pekee niliyoipata ni ya madawati yakipinduka watoto wakikimbilia nje. Lilikuwa refu, jeusi lenye ubuluu wa wino ndani yake, la Kijerumani, pana kiasi kwamba uwanja wetu ulionekana umepungua. Lilikuwa la balozi mmoja aliyemaliza muda wake akaliuza, na sasa mkata boriti mwenzangu alikuwa anakaa pale alipokuwa akikaa balozi. Limetoka Dar es Salaam kwa barabara ile ile iliyokuwa ikivunja mabasi, na halikuwa na hata mkwaruzo. Hata vumbi lilikuwa limelikalia kwa adabu.

"Shemeji, waache hao wacheze," akaniambia kutoka kwenye kioo. "Panda twende Bungu tukachukue mayai ya shughuli."

"Nina kipindi."

"Kipindi na nani? Darasa lako lote si hili hapa?"

Kweli lilikuwa lote pale, linajitazama meno kwenye mlango wa gari. Nikapangusa suruali, nikaingia nyuma, nikakaa karibu naye.

Kiti kilinipokea. Sina neno jingine. Viti nilivyovizoea mimi vinakukataa, wewe unavilazimisha. Hiki kilishuka taratibu, kikanishika kiuno, kikanishika mgongo, kikatulia. Ngozi yake ilikuwa laini, ya baridi, inanukia vizuri. Nikauvuta mlango kwa woga, ukabaki haujafunga sawasawa, na kabla sijaurudia ukajivuta wenyewe pole pole ukajifunga. Nilishtuka, na shemeji aliniona nilivyoshtuka. Akatazama mbele, akatabasamu.

Hapo Kibiti ikanyamaza. Watoto walikuwa wanapiga kelele nje, nawaona midomo ikifunguka na kufumba, sisikii. Dereva, kijana wa Dar es Salaam mwenye tai, akasema vioo ni viwili viwili, kimoja nyuma ya kingine, na katikati pana hewa. Tulipopita sokoni mwanafunzi wangu wa zamani akaniamkia, nikaisoma shikamoo midomoni mwake. Nikaitikia "marahaba" kwa sauti yangu ya darasani, na hakusikia. Akabaki ananitazama, akidhani nimeanza kiburi. Nilitaka kufungua kioo niitikie tena, kisha nikaacha. Acha adhani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kudhaniwa tajiri, na haikuwa mbaya.

Shemeji akabonyeza vitufe ubavuni mwake. Kiti chake kikarudi nyuma, miguu ikapata pa kuegemea, akajilaza kama yuko barazani kwake, na kiyoyozi kinampuliza shingoni.

"Bonyeza na weye, shemeji."

"Mie niko sawa," nikasema.

Sikuwa sawa. Alipogeukia dirishani nikabonyeza kwa siri, na kitufe nilichokipata kikaninyanyua mpaka kichwa kikagusa paa, na sikujua namna ya kushuka. Nikaenda hivyo mwendo mzuri, shingo imepinda, najifanya natazama mashamba ya korosho. Dereva aliniona kwenye kioo akanishusha kwa kitufe cha kwake, bila kusema neno. Nilimchukia pia.

Kabla ya kufika Bungu palikuwa na kipande kilichochongwa na greda majuzi. Dereva akaomba ruhusa akanyage kidogo, shemeji akamruhusu kwa kidole. Injini ile ilikuwa ya silinda kumi na mbili. Nilitegemea ngurumo. Nilichosikia ni mtu anayeguna chumba cha pili. Nikabanwa mgongo kwenye kiti kwa upole, na minazi ya kando ikaanza kuungana, na mshale pale mbele ukapanda mpaka sehemu ambayo nilidhani imewekwa kwa mapambo. Mwilini hakuna kitu. Njia ile ina mashimo ninayoyajua mimi vizuri kuliko watoto wangu, yameshaniangusha na baiskeli, na kila moja lilipokaribia nilikaza meno kusubiri kishindo. Kishindo hakikuja. Shokapu zake, dereva akasema, zina mafuta maalumu, zinaisoma barabara na kujirekebisha. Zinasoma! Mimi nina watoto wa darasa la sita hawasomi.

Wakati wa kurudi nilipakata trei za mayai, moja juu ya nyingine, hazina kifuniko. Kwa baiskeli sikuwahi kufika Kibiti na trei nzima. Mke wangu alishazoea kupokea mengine kwenye bakuli. Nikayatazama yale mayai njia nzima. Nasema kweli tupu, niliomba walau moja lipasuke. Hakuna hata lililohama mahali pake.

Tulipokaribia nyumbani shemeji akasema, bila kugeuka, "Shemeji, nimewaza. Mtoto atatoka na gari."

"Kutoka wapi?"

"Kwa kungwi wake. Atakaa hapo ulipokaa weye. Mwali si hakanyagi chini? Humu hakanyagi."

Nikamwambia mwali anabebwa na mjomba, ndivyo ilivyo tangu enzi.

"Mjomba atapumzika," akasema, na akanigusa goti kwa mapenzi kabisa. "Umri umekwenda, shemeji. Kaka yenu mnayaona magoti yake. Na mie binti ni huyu mmoja, nimemhangaikia kwenye tope lile unalolijua. Nataka atoke kwa raha."

Ubaya wa maneno yale ni kwamba hayakuwa na ubaya. Kama angenitukana ningejua la kufanya. Niliteremka na mayai yangu mazima, mwili umepumzika kuliko nilivyoondoka, na moyoni nawaka. Pale nilipokuwa nimekaa nikaona alama nyeupe ya chaki, umbo la makalio yangu kamili. Dereva akachomoa kitambaa akaifuta mbele ya wanafunzi wangu.

Nilikwenda kwa dada yangu nikiwa na hakika atanitetea. Alikuwa anachambua mchele wa shughuli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapepeta ungo mara mbili tatu.

"Kaka, usinielewe vibaya," akasema. "Mjomba aliyenibeba mie alikuwa na jasho. Mpaka leo nalisikia. Mwache mwanangu akae kwenye kile kiti."

"Mie jasho langu si la hivyo."

"Najua, kaka. Lakini umekikalia. Kikoje?"

Nilirudi nyumbani, na jioni ile gunia lilinielemea.

Jambo likapelekwa kwa kungwi. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha, na katika mambo ya wali hapakuwa na mwanamume Kibiti aliyethubutu kumbishia. Tulikaa uwanjani kwake, mimi na kaka yangu upande mmoja, shemeji na ndugu zake upande wa pili, na gari limeegeshwa katikati yetu. Kungwi alisema hatalizungumzia kabla hajaliona. Akalizunguka. Akaligonga kwa kifundo cha kidole. Akaingia, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipotoka alikuwa anajinyoosha kanga mabegani.

"Kukanyaga, hakanyagi," akasema. "Hilo kweli. Sasa niambieni, gari hii ni ya upande gani? Mwali habebwi na upande wa baba."

Nilimwona shemeji akilitazama gari lake, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Alikuwa amekwama. Gari ni lake, na yeye ni upande wa baba, na hapo pesa haina la kufanya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema basi tumeelewana.

"Ni ya mama yake," akasema shemeji. "Nimempa mke wangu. Ni yake."

Dada yangu alikuwa amesimama na wanawake wenzake ukutani. Kwa namna alivyogeuka na kumtazama mumewe, mtu yeyote angejua anazisikia habari hizo pale pale pamoja nasi. Wanawake wakapiga vigelegele. Kungwi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Basi ni ya upande wa mama. Inabeba. Na kinachobeba ndicho chenye nguo."

Hapa inabidi nieleze nguo. Mjomba anapombeba mwali hutandikwa begani kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu, anachokinunua bibi wa mwali, na kikishatumika ni chake huyo mjomba. Hakivaliwi na mtu mwingine. Kaka yetu anavyo vingi sandukuni, na kila Idi hutokea na kimoja begani, anapita msikitini taratibu ili kila mtu akione. Nilikuwa nikimwonea wivu kaka yangu kwa vitambaa hivyo tangu nina ndevu chache. Na sasa kitambaa changu kilikuwa kimepewa gari.

Kaka yangu akaniinamia sikioni. "Hata mie sijui tuseme nini," akasema. Ukilitazama jambo lenyewe, kila neno lilikuwa sahihi: miguu haigusi ardhi, chombo ni cha upande wa mama, nguo imepata mwenyewe. Tulikaa pale watu wazima wengi, tumezicheza ngoma hizi tangu utoto, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuuliza habari ya kucheza. Mimi mwenyewe sikukumbuka. Nilikuwa nimejaa wivu wa kiti na wivu wa kitambaa, pakawa hapana nafasi ya kitu kingine.

Siku yenyewe watu walikuja mpaka kutoka Ngarambe, na naapa wengi walikuja kuliona gari. Baada ya swala ya alasiri mwali akatolewa ndani kwa kungwi. Wanawake walitandika mikeka kutoka kizingitini hadi mlango wa gari, akanyage mkeka asikanyage chini, na hata hilo kungwi alilikubali. Alikuwa ameng'ara kwa mafuta na shanga, kanga usoni, hatua zake ndogo ndogo. Akaingia. Mlango ukajivuta, ukajifunga. Bibi yake akainuka na kitambaa kile cheupe, akakitandaza juu ya boneti, akakifunga ncha kwenye ile nembo iliyosimama mbele, na watu wakashangilia. Gari lilipendeza nacho. Nilisimama kando nimevaa kanzu niliyoipiga pasi mwenyewe, mabega yangu yamenyooka bila kazi.

Ngoma ikaanza, msafara ukaondoka. Gari lilikwenda mwendo wa kinyonga na halikutingishika. Wanawake waliimba wakilizunguka, wakichungulia vioo, lakini ndani mapazia meusi yalikuwa yamevutwa na kila mmoja akaona kiooni uso wake mwenyewe. Halafu tukafika njia panda ya kisimani, ambapo tangu enzi mbebaji husimama na kuanza kucheza. Mwimbishaji akatoa sauti:

"Mbebaji, tuonyeshe ulichobeba!"

Na wote wakapokea. Ngoma ikageuka, ikawa ile ya haraka. Gari likasimama. Watu wakasubiri.

"Cheza!" mwanamke mmoja akalipigia kelele gari.

Dereva akateremsha kioo kidogo, akauliza kuna tatizo gani. Akaambiwa achezeshe gari. Kijana wa watu akajaribu. Alikanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, na gari likaenda mbele na kurudi laini, bila mtikiso, kama mtu anayeteleza kwenye mkeka. Wakamwambia apande ule mgongo wa mtaro, pale mikokoteni inapopindukia. Akapanda. Magurudumu yalizama na kuinuka, tuliyaona kwa macho yetu yakihangaika huko chini, lakini juu, penye mwali, gari lilibaki limetulia tuli. Lilikuwa linaisoma barabara na kujirekebisha. Vijana wakakimbilia nyuma wakaanza kulikandamiza buti kwa mikono ili lirukeruke, likawa linashuka na kupanda pole pole, na shemeji anapiga kelele, "Rangi! Jamani rangi!" Dereva akapiga honi kufuata ngoma. Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Mimi, nikiri nilivyohisi, nilikuwa na raha isiyo na kifani. Lilikuwa gari bora kuliko yote niliyopata kuyaona na ndiyo maana halikuweza. Pikapu yake ile kuukuu ingecheza vizuri sana.

Ngoma ikishageuka haisimamishwi mpaka mwali achezeshwe. Ikikatika ni mkosi wa mtoto. Wapigaji walikuwa wanatiririka jasho wakitazamana. Shemeji alikuwa amejishika kiuno, uso umemshuka, na kwa mara ya kwanza tangu ruksa nilimwona yule kijana wa Kiongoroni. Kungwi akainua mkono.

"Mwenye mabega yuko wapi?"

Nilikuwa nimeshafika. Sijui nilipitaje katikati ya watu. Nikakunja kanzu, nikaligeuzia gari mgongo, nikachuchumaa mbele ya mlango wa nyuma kama nilivyomwona kaka yangu akifanya maisha yangu yote. Bibi wa mwali akaanza kuhangaika na ncha ya kitambaa pale mbele, imekaza kwenye nembo, haifunguki.

"Kiache!" kungwi akamfokea. "Ngoma inangoja!"

Dereva akafungua mlango. Baridi ikanipiga mgongoni, nzuri, yenye harufu ile ya ngozi. Nikasubiri uzito. Haukuja. Ngoma inapigwa, watu wananitazama nimechuchumaa, mikono imerudi nyuma kumpokea mtu, na hakuna mtu. Nikageuza shingo.

Kiti kilikuwa kimelazwa. Mpwa wangu alikuwa amejinyoosha, miguu imeegeshwa, kanga ameishusha mpaka kidevuni, macho nusu yamefumba. Ndani ya miezi yote ile ya kufungiwa chumba chenye moshi na joto, nadhani hakuwahi kupumua vile. Wala hakuwa amesikia kitu; si wimbo, si ngoma, si watu waliokuwa wakimwita. Aliponiona uso haukuonyesha furaha wala haya.

"Mjomba," akasema taratibu, "bado kidogo."

"Mwanangu, wanakungoja."

"Kidogo tu, mjomba."

Wengine hawakusikia, ngoma ilikuwa kali. Ningeweza kumgombeza, lakini nilikuwa nakijua kile kiti. Mimi mwenyewe, siku ile ya mayai, kama asingekuwapo mtu wa kuniona, nisingeteremka. Nikamtazama tu. Akavuta pumzi, akapandisha kanga usoni, akatambaa pembeni mwa kiti, akanipanda mabegani.

Nikasimama. Magoti yalikubali. Alikuwa mwepesi kuliko gunia langu, na kelele zilizopanda pale njia panda sijawahi kuzisikia tena. Nikacheza. Nilicheza kutoka kisimani, nikapita msikitini, nikapita dukani, mabega yakipanda na kushuka, kanzu imelowa, na watu wakitupa kanga chini ya miguu yangu. Kaka yangu alikuwa mbele akinionyesha hatua kwa fimbo yake. Dada yangu alikuwa analia. Shemeji mwenyewe akaja kunipangusa jasho usoni kwa leso yake, akasema, "Umeniokoa, shemeji," na alisema kwa moyo. Nyuma yetu gari lilikuwa linafuata taratibu, tupu, kitambaa begani.

Watu walimtazama mwali juu kule wakasema ametulia, ana adabu, kafundwa akafundika. Uso ulikuwa umefunikwa, kwa hiyo hakuna aliyejua anatazama wapi. Nilijua mimi. Viganja vyake vilikuwa kichwani mwangu, na kila nilipozunguka kufuata ngoma, navyo vilizunguka, vikinivuta upande mmoja ule ule, na uzito wake wote ukihamia kwenye bega lililogeukia nyuma, kule lilikokuwa linakuja gari.